Mtoto wa Jicho na Miaka ya Mgonjwa

Katika somo letu la leo twapenda kueleza jambo ambalo limewatia watu mashaka kwa muda mrefu katika Shinyanga, Kahama, Geita na nchi yote ya Usukuma. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa mtu mzee sana apasuliwe mtoto wa jicho, au wingi wa miaka yake ni sababu ya kumwacha kama alivyo? Twawaandikia hasa wazee wa baraza, viongozi wa vijiji na walimu, kwa kuwa wao ndio waulizwao kwanza jambo kama hili likitokea nyumbani kwa mtu. Tena twaomba somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya wale wasioweza kujisomea, maana miongoni mwao ndimo walimo wagonjwa.

Maneno yasemwayo twayajua sote. Mzee akiulizwa kwa nini haendi hospitali hujibu, "Wanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Fedha hizo kamsomesheni mtoto." Mwana naye husema, "Mama yetu hana damu ya kutosha. Akiguswa kwa kisu hatarudi." Maneno haya yana heshima na mapenzi ndani yake, wala hatuyacheki. Lakini tazameni mwisho wake. Mzee hukaa gizani miaka yote iliyobaki, na mjukuu wake, mara nyingi msichana, huachishwa darasa ili ashike ncha ya fimbo na kumwongoza bibi yake kisimani na chooni. Hivyo ugonjwa wa mtu mmoja hufunga njia ya watu wawili. Kwa hiyo yatupasa kupima vema: ni hatari ipi kubwa zaidi, ile ya kupasuliwa au ile ya kuachwa?

UGONJWA WENYEWE

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, yaani kioo kidogo laini kipitishacho mwanga kwenda nyuma ya jicho. Lenzi hii imo ndani ya kifuko chembamba mno. Mtu akiwa kijana lenzi yake ni safi, na kadiri miaka inavyopita huanza kupata ukungu. Mfano wake ni ute wa yai. Yai likiwa bichi, ute wake waweza kuonwa upande wa pili; likichemshwa, ute huwa mweupe na mwanga haupiti tena. Na kama vile yai lililochemshwa lisivyoweza kurudi kuwa bichi, ndivyo ilivyo lenzi hiyo. Hakuna dawa ya matone, wala majani, wala unga, wala maji ya mzizi yawezayo kuirudisha kuwa safi. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kuitoa na kuweka nyingine.

Uzee ndio sababu kubwa ya mtoto wa jicho, lakini si sababu pekee. Ugonjwa wa kisukari huuleta mapema. Kadhalika uvutaji wa tumbaku, jua kali la miaka mingi, dawa za namna ya steroidi zikitumiwa muda mrefu, na jicho kuumizwa. Wako pia watoto wazaliwao nao. Duniani kote, mtoto wa jicho ndiye chanzo cha kwanza cha upofu, ingawa ni upofu uwezao kuondolewa.

HOFU ILITOKA WAPI

Watu waogopao kumpasua mzee hawakuanza kuogopa bure. Zamani za kale, katika nchi nyingi, waganga walidunga jicho kwa sindano na kuisukuma lenzi iangukie ndani, na macho mengi yaliharibika kabisa. Mwaka 1747 daktari Mfaransa, Jacques Daviel, alitoa lenzi nje ya jicho la mgonjwa, na huo ukawa mwanzo wa njia mpya. Lakini hata baada ya hapo, kwa miaka mingi jicho lilikatwa sehemu kubwa. Kwa kuwa jeraha lilikuwa pana, mgonjwa alilazwa chali siku nyingi, kichwa kikiegemezwa kwa mifuko ya mchanga kisitikisike. Sasa mtu wa miaka 80 akilala hivyo bila kujigeuza, damu yaweza kuganda miguuni, na mapafu yaweza kushikwa na ugonjwa. Siku zile, basi, uzee ulikuwa hatari ya kweli, na tena mgonjwa alirudi nyumbani hana lenzi, akivaa miwani mizito kama chini ya chupa.

Mambo yalianza kubadilika tarehe 29 Novemba 1949. Siku hiyo daktari Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' huko London, alimwekea mgonjwa lenzi iliyotengenezwa na watu. Alikuwa ameona kwamba wanahewa walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vitani hawakupata madhara kutokana na plastiki yenyewe, akafikiri kwamba kitu kama hicho chaweza kukaa ndani ya jicho kwa amani. Baadaye ikapatikana njia ya kukata sehemu ndogo sana, ambayo mara nyingi haihitaji hata kushonwa.

Leo kazi hii aghalabu hufanywa kwa dawa ya ganzi karibu na jicho, mgonjwa akiwa macho na akisikia sauti ya daktari. Huchukua dakika chache, wala si saa nyingi. Damu itokayo ni kidogo mno, kwa hiyo lile neno la "hana damu ya kutosha" si sababu ya kumzuia mzee kupelekwa akapimwe. Mgonjwa huamka na kutembea siku ile ile, na wengi huenda kwao siku hiyo au kesho yake. Kumbe hofu iliyobaki vijijini ni hofu ya upasuaji wa zamani, nao upasuaji ule umekwisha kuondoka.

HESABU YA HATARI

Hata hivyo tusiseme kwamba uzee si kitu. Tusemeni ukweli kwa hesabu. Huko Uingereza madaktari walikusanya habari za macho 55,567 yaliyopasuliwa. Walitafuta tatizo moja linaloogopwa sana na wapasuaji, yaani kupasuka kwa kile kifuko cha lenzi upande wa nyuma. Lilitokea kwa macho yasiyofika 2 katika kila 100. Walipowapanga wagonjwa kwa umri, waliona kwamba wenye miaka 90 na zaidi walikuwa na hatari iliyozidi mara mbili ya wale walio chini ya miaka 60.

Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: kitu kidogo kikizidishwa mara mbili, je, huwa kikubwa? Ikiwa katika macho 100 kifuko hupasuka kwa macho 2, kisha hatari ikaongezeka hata ikawa macho 4 au 5, bado macho 95 hupita salama. Tena jicho ambalo kifuko chake kimepasuka si lazima lipofuke. Mara nyingi daktari hulitengeneza likaona. Hatusemi kwamba hesabu ya Uingereza ndiyo hesabu ya kila hospitali ya kwetu, kwa kuwa vyombo na hali za wagonjwa hutofautiana. Twasema kwamba namna ya kupima ndiyo hiyo: usisikie tu kwamba hatari imeongezeka, bali uliza imeongezeka kutoka ngapi hata ngapi.

Uko na uchunguzi mwingine, uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2000, katika operesheni zaidi ya 19,000 za mtoto wa jicho. Nusu ya wagonjwa walipimwa damu na moyo kwa desturi kabla ya kupasuliwa. Nusu nyingine hawakupimwa hivyo ila palipokuwa na sababu. Matatizo ya mwili yalikuwa sawasawa pande zote mbili, 31 hivi katika kila operesheni 1,000, na mengi yalikuwa ni mambo ya presha ya damu na mapigo ya moyo yaliyotibiwa pale pale. Fundisho lake ni kwamba upasuaji huu hauutikisi mwili kama kupasuliwa tumbo au kifua. Ndiyo maana wazee wengi huuweza.

MAMBO YANAYOFUATANA NA UZEE

Basi kama miaka yenyewe si kizuizi, kwa nini hatari huongezeka? Ni kwa sababu ya mambo yanayofuatana na miaka. Nayo ni haya:

1. Lenzi ya mzee sana huwa ngumu, tena ya rangi ya kahawia au nyeupe kabisa. Nyuzi ziishikiliazo huweza kulegea, na mboni yaweza kukataa kupanuka. Kazi ya mpasuaji huwa ngumu zaidi.

2. Mzee aweza kuwa na kisukari, presha ya damu au ugonjwa wa moyo. Magonjwa haya hayamfukuzi hospitali, bali hutaka yatulizwe kwanza. Sukari ikiwa juu sana, kidonda huchelewa kupona na hushikwa upesi na vijidudu.

3. Mzee mwenye pumu au kikohozi, au moyo uliochoka, huenda asiweze kulala chali na kutulia. Na anayekohoa wakati kisu kimo jichoni hujitia hatarini. Yafaa atibiwe kifua kwanza.

4. Jicho laweza kuwa na ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya mtoto wa jicho, kama vile presha ya jicho, au kuchakaa kwa pazia la nyuma linalopokea mwanga. Hapo upasuaji waweza kwenda vizuri kabisa na mgonjwa asione kama alivyotumaini. Ni heri kuambiwa jambo hili mapema kuliko kulalamika baadaye.

5. Wanaume wazee wengi hutumia dawa za tezi dume ili mkojo upite. Baadhi ya dawa hizo hulegeza ile sehemu ya rangi izungukayo mboni, hata ikacheza-cheza wakati wa upasuaji. Daktari akijua mapema hujitayarisha, asipoambiwa, hushtukizwa. Kwa hiyo mzee aende na dawa zake zote mkononi, wala asiache hata moja kwa shauri lake mwenyewe.

Mtaona kwamba katika mambo haya matano hakuna hata moja lisemalo, "Ana miaka 80, mrudisheni." Yote yahusu hali ya mwili na hali ya jicho. Yuko mzee wa miaka 85 alimaye shamba lake la mtama na kupumua vizuri, na yuko mtu wa miaka 55 mwenye sukari isiyotulia na miguu iliyovimba. Mwenye hatari kubwa hapo ni huyu wa pili.

KUKAWIA NAKO KUNA HATARI

Sasa twaja kwenye jambo kubwa la somo hili. Watu hufikiri kwamba kumwacha mzee bila kumpasua ni kumweka salama. Sivyo. Mtoto wa jicho akiachwa miaka mingi huzidi kuwa mgumu, na upasuaji ambao ungekuwa mwepesi mgonjwa akiwa na miaka 70 huwa mgumu akiwa na miaka 80. Yule asemaye "tungoje aive" aelewe kwamba zamani walingoja hivyo kwa sababu ya ile njia ya zamani. Siku hizi mtu haulizwi kama mtoto wa jicho ameiva, bali kama haoni vya kutosha kufanya kazi zake.

Tena akiiva kupita kiasi, lenzi yaweza kuvimba na kuziba njia ya maji ya jicho, au yaweza kuyeyuka na kuvuja. Hapo presha ya jicho hupanda, jicho huuma vikali, huwa jekundu, na kichwa hugonga. Jicho likifika hapo laweza kufa kabisa, hata daktari hodari asiweze kulirudishia nuru.

Na katika nchi yetu hii jicho jekundu la mzee limeleta msiba mwingine. Hasa katika miaka ya 1990 na 2000, Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora zilijulikana kwa habari za vikongwe, wengi wao wanawake, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili. Twajua macho yale yalikuwa mekundu kwa nini. Ni moshi wa samadi na mabua ya pamba katika nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 50 ya kupika. Na mengine yalikuwa magonjwa ya macho yasiyotibiwa. Mwanamke aliyewapikia watoto wake katika moshi huo akalipwa kwa panga. Yatupasa kusema wazi barazani na darasani: jicho jekundu ni habari ya kumpeleka mtu kwa daktari, wala si ushahidi juu ya mtu yeyote.

Liko na dhara la tatu la kukawia, nalo ni kuanguka. Mzee asiyeona hujikwaa, nyonga ikavunjika, na kwa mtu mwenye umri huo kuvunjika nyonga mara nyingi huwa mwanzo wa mwisho. Na wako wanaotiwa dawa za majani machoni wakati wa kungoja, ambazo huchoma kioo cha mbele cha jicho na kuacha kovu. Jicho lenye kovu hilo haliponi kwa kutoa mtoto wa jicho.

VIJANA WA MACHIMBONI NA WATOTO WACHANGA

Ili tuone vizuri kwamba miaka si kipimo, tuwatazame wasio wazee. Dhahabu ya Geita ilichimbwa katika mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini kando yake wako maelfu ya wachimbaji wadogo katika maduara, kwenye makarasha na katika myalo. Kijana agongaye mwamba kwa nyundo na tindo bila kuvaa miwani ya kukinga macho aweza kurukiwa na kipande cha jiwe au chuma. Kikigusa lenzi, mtoto wa jicho hutokea katika siku au majuma machache, hata kama kijana ana miaka 20 tu. Na upasuaji wake waweza kuwa mgumu kuliko wa bibi yake, kwa sababu kioo cha mbele kimechanika, kifuko kimetoboka, na pengine pazia la nyuma limeng'oka. Kijana huyu asikae kambini akijipaka dawa. Aende siku ile ile, na jicho lisikandamizwe wala kusuguliwa.

Kwa mtoto mchanga hesabu hugeuka tena. Yeye hupasuliwa akiwa amelazwa usingizi kabisa, na baadaye hutaka kuangaliwa miaka mingi. Lakini kumngojea akue ni kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona katika miezi ya kwanza ya maisha. Jicho lisilopokea mwanga wakati huo husahauliwa na ubongo, na likifunguliwa mtoto akiwa na miaka 7 huenda lisione vema tena. Kwa hiyo mama akiona weupe katika mboni ya mtoto wake, hata awe wa majuma machache, ampeleke bila kungoja.

YA KUFANYA

Mwenye macho yenye ukungu aanzie zahanati au kituo cha afya, kisha apate barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Shinyanga au Geita. Mambo yakiwa magumu hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mara kwa mara madaktari wa macho huja kwenye wilaya kwa siku chache. Hapo kiongozi wa kijiji na atangaze mapema, aandike majina ya wasioona, na kutafuta namna ya kuwafikisha. Utaratibu wa Serikali umeweka msamaha wa malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mzee asiye na barua ya kumtambulisha husumbuka dirishani. Kiongozi awezaye kuandika barua hiyo asimcheleweshe.

Wakifika kwa daktari, jamaa waulize maswali haya matatu: Je, mwili wake una ugonjwa unaotaka kutulizwa kwanza? Je, nyuma ya mtoto wa jicho kuna ugonjwa mwingine? Je, tukingoja mwaka mmoja, jicho litakuwa katika hali gani? Majibu ya maswali hayo yana faida kuliko kuhesabu miaka yake.

Baada ya kupasuliwa, mzee asisugue jicho, asibebe ndoo ya maji wala mzigo, asiingie katika moshi, na matone atiwe kama alivyoagizwa, mikono ya anayemtia ikiwa imenawiwa kwa sabuni. Kwa kawaida maumivu hupungua siku hata siku. Yakizidi, au jicho likiwa jekundu zaidi, au likitoa usaha, au nuru ikipungua, arudishwe hospitali siku ile ile wala si kesho. Jambo hili hutokea kwa wachache, lakini kwa hao wachache saa moja ina thamani.

Neno letu la mwisho ni kwa wana na wajukuu. Mzee akisema, "Niacheni, mimi nimekwisha," msilichukue neno hilo kuwa ni amri, maana mara nyingi asemapo hivyo huogopa kuwa mzigo kwenu. Mpelekeni akapimwe. Daktari akikataa kumpasua, akatae kwa sababu aliyoiona katika jicho au mwilini mwake, nanyi mtakuwa mmefanya haki. Lakini asikataliwe nyumbani kwa sababu ya idadi ya mavuno aliyoyaona, naye bado angeweza kuyaona mengine.